MREJESHO: Nichague LLB au BA ya Law Enforcement?

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa: nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), naipenda sheria, je, nijaze LLB (shahada ya sheria) au BA ya Law Enforcement (usimamizi wa sheria) ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Asanteni sana kwa michango.

Nimeingia LLB, miaka minne. Kilichonishawishi ni hoja ya mdau mmoja kwamba anayeutaka uwakili lazima apite Law School (shule ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo) baada ya digrii, na mlango wa kule ni LLB. Law Enforcement ni nzuri kwa mwenye ndoto za upolisi au uhamiaji, ila mimi nataka kusimama mahakamani.

Haikuwa mteremko. Chuo nilichokiweka namba moja nilikikosa, nimepangiwa cha pili, tena mkoani. Mkopo nao umekuja pungufu. Ada iliyobaki anaisogeza baba mdogo kidogokidogo. Ikishindikana nitahamia Chuo Kikuu Huria, nako LLB ipo na unasoma huku unafanya kazi.

Mliopendekeza diploma ya sheria ya IJA (Chuo cha Uongozi wa Mahakama) Lushoto, wazo hilo nimempa mdogo wangu, alama zake hazikutosha digrii. Kashaomba.