Wakuu, huyu Astaroth ni jike au dume?

mtoto_wa_kota:
Habari za jioni wanajamvi. Dogo wangu ana gemu kwenye simu, kuna bosi humo anaitwa Astaroth, dume limejaa misuli na mapembe. Sasa mi nikagugo, huku wanasema ni duki (mtawala mkubwa) wa kuzimu, kule wanasema ni mungu mke wa Wafoinike wa zamani, nikachoka. Yupi ni yupi? Na wale wazungu wa zamani waliokuwa wanamwita kwa uchawi walikuwa wanataka nini kwake? Nyie wa "achana na hayo mambo" najua mpo.

Mama Chapati:
Achana na hayo mambo 😂

msomaji_wa_usiku:
Mkuu wote ni sahihi, jina ni lilelile ila limebadilishwa jinsia njiani. Fungua 1 Wafalme 11:5, Sulemani uzeeni anamfuata Ashtorethi, mungu mke wa Wasidoni, ndo Wafoinike haohao. Wingi wake kwa Kiebrania ni Ashtaroth, basi baadaye huko Ulaya wakamvua gauni, wakampa cheo cha duki na vikosi 40 vya pepo chini yake. Mwaka 1577 daktari mmoja Johann Weyer akatoa orodha ya mapepo 69 na Astaroth yumo, lakini huyo daktari hakuwa mganga, yeye ndo alikuwa anatetea wale akina mama wanaochomwa moto kwa uchawi, orodha aliitoa kuwaumbua wanaoamini hayo makitu. Karne ya 17 kinakuja kitabu cha uchawi kinaitwa Lemegeton, kina mapepo 72 na kila mmoja na mhuri wake, na wakasema eti kimeandikwa na Sulemani! Yaani mzee aliyempigia magoti Ashtorethi kwenye Biblia, humu ndo anampa amri. Hapo huwa nacheka peke yangu.

mtoto_wa_kota:
Duh, asante mkuu. Na walikuwa wanamwitia nini?

Kombo_wa_Tanga:
Majibu tu. Yaliyopita, yaliyopo, yajayo, siri zilizofichwa, halafu anafundisha elimu, zile hesabu na nyota za wasomi wa enzi hizo. Tatizo ananuka mdomo, siwatanii, imeandikwa kabisa kwamba usimsogelee na ushike pete ya fedha karibu na uso ikukinge. Sisi huku pete ya Sulemani tunaijua ya kutiisha majini, kumbe wenzetu wanaikingia harufu. Na ukimuuliza habari za kuanguka kwa malaika anakusimulia vizuri tu, ila yeye anasema hakuanguka kwa kupenda.

Mama Chapati:
Kwa hiyo ni tuisheni ya mwalimu asiyepiga mswaki na bado anajitetea

msomaji_wa_usiku:
😂😂 Tafuteni picha ya 1863 aliyochora Louis Le Breton, yuko uchi juu ya dude kama joka, nyoka mkononi. Misuli ya gemu hana, kakonda.

mtoto_wa_kota:
Nimemwambia dogo bosi wake alikuwa mama wa Sidoni. Kajibu sawa lakini bado hajamuua, nimwache kwanza.