Rangi imerudi, mayai hayapo: tuwaambie watu nini kuhusu matumbawe?

Bamvua
Naleta hoja, tuijadili bila kuviziana. Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imeingia kwenye upaukaji wa nne wa matumbawe, baada ya ule wa 1998, wa 2010 na ule mrefu wa 2014 hadi 2017. Tangu hapo picha ni ileile: tumbawe jeupe, chini yake imeandikwa "linakufa". Baadaye inaletwa picha yenye rangi, "limepona".

Nasema picha zote mbili zinapotosha. Tumbawe likipauka limeutoa mwani wa ndani unaolilisha, lakini nyama yake bado hai. Na likirudisha rangi si kwamba limekuwa zima. Akropora nyingi, yale matumbawe ya matawi, huchukua miezi sita hadi tisa kukuza mayai, na yai la tumbawe ni tone la mafuta kwa sehemu kubwa. Tumbawe lililoshinda na njaa halina mafuta ya kugawa. Linaishi, linapendeza machoni, na msimu unaofuata halitagi au linataga kidogo mno. Mengine hukaa hivyo zaidi ya msimu mmoja.

Je, kampeni ziachane na weupe zianze kueleza uzazi? Au tukieleza hayo tutawakatisha watu tamaa moja kwa moja?

Chaza
Mkuu, weupe unaonekana, yai halionekani. Mtu akiona tumbawe jeupe anauliza mwenyewe "kuna nini hapa?" Ukimwonyesha lenye rangi ukamwambia ni tasa, atakuuliza umejuaje, na hapo itabidi umwanzishie darasa. Halafu usisahau kwamba wengi bado wanaamini tumbawe ni jiwe. Sasa unataka kuwaambia jiwe limeharibu mimba?

Kusi
Tatizo si picha, tatizo ni nyie kubadilisha maneno kila mwaka. Watafiti wa Australia wenyewe walisema 2022 kwamba Great Barrier Reef ina matumbawe mengi kuliko mwaka wowote tangu waanze kupima miaka 36 nyuma. Leo mnasema hayazai. Kama hayazai, hayo yametoka wapi?

Bamvua
Hakuna aliyebadilisha maneno, Kusi. Wewe umesoma kichwa cha habari ukaishia hapo. Taarifa ya 2022 ilisema kaskazini na katikati, si mwamba wote. Na ilieleza kwamba waliojaza nafasi ni Akropora, wanaokua upesi na kufa upesi. Taarifa ya 2025 ikaja na anguko la mwaka mmoja kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kule, kaskazini na kusini. Mbona hiyo hukuileta?

Kusi
Sijajibiwa. Mayai yalitoka wapi?

MajiMafu
Nimjibu mimi, maana swali lake ni la haki. Eneo lililofunikwa na matumbawe na idadi ya watoto ni vipimo viwili tofauti. Baada ya joto la 2016 na 2017, walipohesabu watoto waliotua kwenye vigae vya kupimia mwaka 2018, walikuta wamepungua kwa asilimia 89 wakilinganisha na miaka ya nyuma. Waliopungua zaidi ni Akropora, wanaomwaga mayai na mbegu za kiume majini. Waliobaki wengi kwenye vigae ni jamaa za Posilopora, wanaolea mabuu ndani ya mwili kisha kuwaachia. Lakini koloni lililonusurika, yaani tumbawe moja zima, halisubiri watoto ili kujaza mwamba: linarefuka, linavunjika na mawimbi, vipande vinashika chini. Mwamba unaweza kujaa tena kwa miaka michache huku vizazi vipya ni haba. Kutoka angani ni msitu, ukichunguza mama zake ni walewale.

Kaskazi
Hapo ndipo ninapowashangaa wenye vitalu. Wanakata vipande, wanavifunga kwenye kamba, wanapiga picha na wafadhili, wanasema "tumerudisha mwamba". Mmezidisha mama walewale. Hiyo ni kazi ya kupigwa picha.

Kasa
Kaskazi, futa hiyo kauli. Hakuna anayeshinda majini akipangusa mwani kwenye kamba kila wiki kwa ajili ya picha. Kitalu kisipopanguswa mwani hukifunika na vipande hufa. Konokono wanaokula nyama ya tumbawe wasipookotwa mmojammoja, kipande cha sentimita saba kinabaki mfupa mtupu. Hii ni kazi ya mikono, na bila hiyo maeneo mengi yasingekuwa hata na hao mama unaowadharau.

Kaskazi
Sikudharau kazi, nimehoji matokeo. Vipande 500 vilivyotoka kwa mama watatu ni wazazi wangapi?

Kasa
Ni watatu. Ndiyo maana kitalu makini hakianzi na mama watatu. Kila koloni la asili linapewa namba, vipande vyake vinapakwa alama, na wakati wa kupanda mwambani jirani wa kipande awe wa namba nyingine. Sababu inajulikana: polipu moja ya Akropora, yaani kiumbe kidogo kimoja kati ya vingi vinavyounda koloni, hutoa kifurushi kimoja chenye mayai na mbegu za kiume pamoja, lakini mayai yake kwa kawaida hayakubali mbegu za koloni lilelile. Ukipanda pacha wa mama mmoja bega kwa bega, usiku wa kumwaga bahari itajaa mayai na hakuna buu hata mmoja wa maana.

Na umbali nao. Makoloni yakikaribiana nusu mita urutubishaji ni mzuri. Yakiachana mita kumi unashuka sana, na kwenye mita ishirini ni kama hakuna, kwa sababu mbegu za kiume huyeyukia kwenye maji mengi. Hili ndilo linalofanya joto liue mara mbili. Hata waliopona na wakataga wanakuwa wamebaki mbalimbali mno.

Chaza
Kasa, swali la mtu asiyejua: ukikata kipande chenye mayai, mayai yanaendelea?

Kasa
Kipande kidogo huyarudisha mwilini, kinatumia mafuta hayo kuponya jeraha. Kwa hiyo usikate miezi ya karibu na msimu. Vilevile ncha ya tawi, sentimita chache za mwanzo, haina mayai kabisa kwa kuwa inahangaika kukua. Ukitaka kujua koloni litataga, vunja tawi chini ya sehemu hiyo, uangalie mahali palipovunjika. Mayai ya rangi ya waridi au chungwa, karibu nusu milimita, maana yake yataachiwa mwezi huu. Yakiwa meupe bado, ni mwezi ujao au baadaye. Ukiona mfupa na nyama tu, limeruka msimu, au limeshamwaga usiku uliokupita.

MajiMafu
Vipande ni plasta ya jeraha. Tiba ni mabuu, maana kwenye mabuu ndiko jeni zinakochanganyika na joto linapata la kuchagua. Majaribio ya Australia yaliyochapishwa 2015 yalichanganya wazazi wa Akropora wa kaskazini yenye joto na wa kusini. Mabuu wenye mzazi wa kaskazini walikuwa na nafasi ya kuhimili joto hadi mara kumi ya wengine. Kipande hakikupi hilo.

Na si kazi ya miujiza. Usiku wenyewe wa kumwaga taa iwe nyekundu na hafifu. Vifurushi vikishatokeza kwenye vinywa vya polipu, funika koloni kwa wavu laini wenye umbo la pia, juu kuna chupa ya kunasa. Vinapanda vyenyewe kwa sababu vina mafuta. Changanya ya makoloni manne, matano au zaidi. Ndani ya nusu saa hadi saa moja vinapasuka vyenyewe, usivilazimishe. Lenga mbegu za kiume kama milioni moja kwa mililita, maji yawe na ukungu mwepesi tu. Zikizidi, maji yanaoza na oksijeni inakwisha. Saa moja au mbili baadaye osha mayai kwa maji safi ya bahari yaliyochujwa. Kisha mikono mbali: usiku huo wa kwanza kijusi hakina ngozi ya maana, ukiweka mapovu makali kinasambaratika na mafuta yake yanachafua tangi zima. Baada ya siku moja na nusu hadi mbili wanaogelea. Siku ya nne au ya tano wanatafuta pa kutua, na wanapenda ule mwani mgumu wa waridi unaotanda kwenye mwamba kama ukoko.

Jambo moja linaloharibu kazi nyingi za kwenye ndoo: mikono. Isiwe na sabuni, dawa ya mbu wala mafuta ya kukinga jua.

Kusi
Haya! Mmesikia wenyewe. Mafuta ya kukinga jua yanaua mayai. Miaka yote mnatuimbia joto, kumbe ni watalii. Hawaii waliyapiga marufuku.

MajiMafu
Sikusema hivyo. Nimesema ndoo. Ndoo ya lita kumi na kiganja kilichopakwa si sawa na bahari.

Kusi
Sasa Hawaii walitunga sheria ya ndoo?

Chaza
Mimi niko na Kusi kidogo hapo. Sheria ya Hawaii ilitiwa saini 2018 ikaanza Januari 2021, inazuia kuuza mafuta yenye oksibenzoni na oktinokseti, kemikali za kukinga jua. Palau walitangulia, Januari 2020. Watu wazima hawatungi sheria bure.

Bamvua
Kwenye ghuba ndogo yenye waogaji wengi na maji yasiyotoka, tahadhari hiyo inaeleweka na siipingi. Ila Jarvis Island, katikati ya Pasifiki, hakuna mkazi hata mmoja, hakuna hoteli, hakuna anayejipaka chochote. Joto la 2015 hadi 2016 liliangamiza karibu matumbawe yake yote. Visiwa vya Chagos, Bahari ya Hindi, navyo vilipigwa vibaya miaka hiyohiyo. Mtalii gani alikwenda huko?

Kaskazi
Na Florida 2023 bahari ilifika sentigredi 38. Hapo mafuta ya nini tena?

MajiMafu
Hata wewe, Kaskazi, usitupe namba nusunusu. Hiyo 38 ilisomwa Manatee Bay, maji ya kina kifupi yenye matope karibu na nchi kavu. Tumbawe halihitaji 38 ili life. Chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali hapo, ongeza sentigredi moja. Joto likikaa hapo kwa wiki nne, tarajia kupauka. Likikaa wiki nane, tarajia vifo. Ndiyo hesabu inayotumika kutoa tahadhari kwa setilaiti. Wapinzani wakikukamata na 38 yako wataikataa hoja nzima.

Kaskazi
Nimekubali. Lakini tunaongea mafuta ya ngozi kwa saa nzima kwa sababu ni jambo ambalo mtu anaweza kuliacha leo akajiona mwema. Moshi wa makaa na mafuta ya petroli hakuna anayetaka kuugusa.

Chaza
Hayo ndiyo maneno yanayofukuza watu. Mwaka 2018 jopo la kimataifa la tabianchi lilisema joto la dunia likipanda kwa digrii 1.5 tunapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, likipanda kwa 2 ni zaidi ya asilimia 99. Mtu akishasikia 99 anasema basi, yamekwisha, tuendelee na mambo yetu. Akiambiwa aache kopo la mafuta angalau anafanya kitu.

Bamvua
Anafanya kitu kisichosaidia, kisha anaona deni limelipwa. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Kati ya 1.5 na 2 kuna tofauti ya mwamba mmoja kati ya kumi, au hata mitatu, kubaki na wazazi, na wazazi hao ndio wa kujaza kwingine. Hiyo namba ikielezwa kwa uzazi inampa mtu sababu ya kupigania kila sehemu ya kumi ya digrii. Ikiachwa bila maelezo, kweli inamkalisha chini.

MajiMafu
Mnaotaka kitu cha kufanya karibu na maji, zimeni taa. Mwezi ukiwa mpevu huchomoza jua linapozama, hivyo hakuna giza. Usiku unaofuata huchelewa kama dakika hamsini, wa pili zaidi ya saa moja na nusu, na lile giza la kati ya jua na mwezi ndilo linaloliambia tumbawe wakati umefika. Taa za ufukweni zinaliziba giza hilo. Utafiti wa 2023 ulikuta makoloni yenye taa yakimwaga siku moja hadi tatu karibu zaidi na mwezi mpevu kuliko yaliyo gizani. Mwenzako akimwaga usiku mwingine, mbegu zenu hazitaonana.

Kusi
Kumbe sasa ni taa. Kesho itakuwa muziki.

MajiMafu
Taa zinaongezwa juu ya joto, haziliondoi. Bahari ya Shamu, utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta spishi kadhaa zimepoteza miadi yake: makoloni yanamwaga kwa kutawanyika siku nyingi badala ya usiku mmoja au miwili. Makubwa yapo, watoto wa spishi hizo ni wachache mno. Kwa mpita njia mwamba ni mzima.

Kaskazi
Mbona Kenya, karibu na ikweta, Akropora humwaga kwa miezi kadhaa na bado ipo?

Kasa
Kutawanyika kwa miezi si tatizo, kama ndani ya kila mwezi kundi fulani linamwaga pamoja. Tatizo ni majirani kupishana usiku. Mbegu na mayai yanaishiwa nguvu ndani ya saa chache, si siku.

Bamvua
Swali langu lilikuwa picha gani iwekwe. Mficha uchi hazai. Watu waonyeshwe utasa wenyewe.

Chaza
Basi wekeni hilo tawi la Kasa. Matawi mawili yaliyovunjwa, moja limejaa mayai ya waridi, jingine mfupa mtupu, na yote mawili kwa nje yana rangi ileile. Hilo hata mimi nitalielewa bila darasa.

Kusi
Ili upate picha unavunja matumbawe. Hongereni.

Kasa
Kwa kibali cha eneo husika, matawi mawili au matatu kwa koloni kubwa, wiki ya kabla ya mwezi mpevu wa msimu. Koloni dogo kuliko sahani usiliguse, bado halijafika umri wa kutaga. Tawi likishapigwa picha lisiletwe nchi kavu: lichomekwe kwenye ufa wa mwamba, limekazwa lisitikisike, na likipata mwezi mmoja bila kugeuzwa na mawimbi litashika.