Mrejesho: kinyesi cha mbwa njiani na harufu ya barazani

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Wiki tatu nyuma niliuliza nifanyeje, mbwa wangu anajisaidia njiani kila tukitoka asubuhi hapa Tegeta na jirani alishanijia juu, halafu barazani harufu ya mkojo haiishi. Njiani nimemaliza: nabeba mifuko ya mkate iliyotumika, maana ya rambo si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, unavaa mkononi kama glavu, unaokota, unageuza, unafunga, kwisha. Ila daktari wa mifugo ndo alinitisha, kasema mayai ya minyoo yakikaa mchangani wiki kadhaa ndo yanaanza kuambukiza na yanaweza kudumu miaka, na kuna minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi, sasa pale watoto wanacheza peku kila jioni jamani! Nikampa mbwa dawa siku hiyohiyo. Barazani nimeacha kumwaga jiki, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya inakaba koo, siku hizi nakausha kwanza na tambara, naosha na sabuni, namalizia na siki ya kuchanganya na maji. Imebaki kona moja tu. Jirani jana kanisalimia mwenyewe, nimefurahi mno.