Acheni kuwadanganya wanaokuja Uingereza: tatizo si baridi, ni hali ya hewa isiyotulia

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na mkono wangu wa kushoto umefungwa bendeji. Mdogo wangu, anayekuja kusoma huku mwezi Januari, amenitumia picha ya koti alilonunua mitumba ya Karume: zito, limejaa manyoya, linafika magotini. Anasema watu watatu waliowahi kuishi Uingereza wamemhakikishia kwamba akiwa nalo hana la kuogopa. Mimi nami nilipewa ushauri huohuo miaka minne iliyopita. Ni ushauri mbovu, na wanaoutoa wanajua ubovu wake, kwa sababu nao waliteseka.

Mtu aliyekulia Njombe au Makete anaijua baridi. Anajua itaingia mwezi Juni, sakitu itaonekana alfajiri, na kufikia Septemba itakuwa imelegea. Baridi ya namna hiyo unajipanga nayo. Ya huku haikupi nafasi hiyo. Hapa Sheffield, ninapoishi, siku nyingi za Desemba na Januari joto huzunguka karibu na nyuzi 0 hadi 8, na nyuzi moja au mbili tu ndizo zinazoamua kama itanyesha mvua, theluji ya majimaji au theluji kamili. Upepo ukitoka kusini-magharibi huleta hewa vuguvugu na mvua ya Atlantiki; ukigeukia kaskazini huleta baridi ya Aktiki; ukitoka mashariki huleta ile kavu ya Siberia. Juu sana angani, kiasi cha kilometa 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali ambao wakati wa baridi hupata nguvu zaidi na kuzisukuma dhoruba kuelekea visiwa hivi, moja baada ya nyingine, na mkondo huo ukihama kidogo tu, nasi huku chini tunahamishwa nao. Mwishoni mwa Februari 2018 upepo wa mashariki uliifunika nchi kwa theluji, shule zikafungwa na magari yakakwama barabarani. Tarehe 26 Februari 2019, katika bustani za Kew jijini London, kipimajoto kilifika nyuzi 21.2. Sasa niambieni, hilo koti moja ni la Februari ipi?

Mimi ni mhudumu wa wazee. Nakwenda nyumba hadi nyumba kwa miguu na kwa basi, na zamu yangu huanza saa moja asubuhi, wakati ambapo mwezi huu bado ni giza. Jumatatu jioni theluji iliyokuwa kando ya njia iliyeyuka, maji yakatiririka juu ya lami, usiku mawingu yakaondoka na maji yale yakaganda. Barafu ya aina hiyo huioni, kwa kuwa ni angavu na macho yanapita hadi kwenye lami iliyo chini yake. Unadhani njia imeloa tu. Jumanne alfajiri nilianguka kwenye mteremko, nikatua kwa kiganja, na kwa muda sikuweza hata kusimama kwa sababu kila nilipokanyaga paliteleza. Nilishuka sehemu iliyobaki nikiwa nimeshikilia kuta za watu.

Saa nne jua likawaka hadi nikatokwa jasho. Saa saba ikaja mvua ya upepo, ile inayokupiga ubavuni, ikaupindua mwavuli wangu na kuvunja vijiti viwili. Saa tisa mvua ya mawe yenye punje ndogo kama mtama iligonga madirisha ya basi kwa dakika chache, kisha anga ikawa buluu kabisa, na kabla ya saa kumi jioni jua lilikuwa limezama. Manyoya ya koti langu yalikuwa yamelowa na kushikamana mabonge chini ya kila mshono. Lilikuwa zito kama gunia la mkaa lililonyeshewa, na halikunipa joto lolote. Lilikauka baada ya siku tatu juu ya hita, unyevu wake ukahamia ukutani, na sasa nyuma ya kabati kuna kuvu nyeusi. Mwenye nyumba anasema kosa ni langu kwa kuanika nguo ndani. Desemba hii nikianika nje zitakauka lini?

Kazini nimepewa onyo la kuchelewa. Msimamizi aliniuliza kwa nini sikuangalia utabiri. Niliuangalia! Wa jioni ulisema mvua, wa alfajiri ukasema barafu, lakini ratiba yangu iliyopangwa wiki moja kabla haikubadilika hata kidogo. Inanipa dakika 10 kutoka nyumba moja hadi nyingine, kuwe na jua au kuwe na barafu, na dakika hizo hazilipwi.

Ninyi mnaowashauri wadogo zetu, waambieni ukweli kabla hawajamaliza fedha zao. Waambieni wanunue koti jepesi lisilopitisha maji, lenye kofia inayofungwa kwa kamba, na ndani yake wavae nguo nyembamba tatu ambazo wanaweza kuzivua na kuzirudisha mara nne kwa siku. Waambieni soli ya kiatu iwe na kashata kama tairi la gari la shamba. Waambieni soksi za akiba zikae kwenye begi kila siku, hata siku inayoanza na jua, na hasa siku hiyo.

Mdogo wangu nimemwambia koti la Karume alirudishe kama muuzaji atakubali. Viatu bado sijampatia. Mliopo Sheffield, Leeds au Bradford, mnaotembea milimani alfajiri, andikeni hapa chini mnavaa viatu gani na mlivinunua kwa pauni ngapi.