Tupeane uzoefu: kumfundisha mbwa michezo nyumbani (kutoa mkono, kuzunguka, kubingirika, kuleta ndala)

Mwenye Banda:
Wakuu, wenye mbwa wanaojua zaidi ya kubweka getini, wekeni mbinu hapa. Tunataka hatua, vipimo na pale panapokwama. Sifa za "mbwa wangu ana akili kama mtu" tuziache kwa leo.

Naanza na msingi, maana wengi wanaharibia hapo. Ugali hauvuti, ndio anaokula kila siku. Chemsha firigisi au maini ya kuku bila chumvi wala kitunguu, kata vipande vya ukubwa wa punje ya harage, na kwa mbwa mdogo nusu ya hapo. Vipande 20 hadi 30 vinatosha kipindi kimoja. Maini usizidishe, yanaharisha. Kipindi kiwe dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa siku, kabla ya mlo, na mlo wenyewe uupunguze kidogo. Vitunguu, chokoleti, zabibu na bigijii zisizo na sukari visifike mdomoni mwake kabisa, ni sumu kwa mbwa.

Kisha chagua neno moja la kumwambia amepatia. "Safi!" linatosha. Siku ya kwanza usimwombe kitu: sema "Safi", mpe kipande, rudia mara 15. Akigeuza kichwa kukutafuta anapolisikia, limeingia. Tangu hapo neno linatoka palepale anapofanya, chakula kinafuata. Mbwa amekaa, wewe unapapasa mfukoni, akainuka ndipo ukampa: umemlipa kwa kuinuka.

Mama Popi:
Niongeze la amri. Kiswahili, Kiingereza, Kichaga, kwake ni sauti tu, ila nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "kaa", watoto "siti" na dada "chini", mbwa atakaa kwa mmoja wao tu. Angalieni pia maneno yanayofanana. "Toa" na "toka" yanamchanganya, kwa hiyo mkono uombwe kwa "salamu", na "toka" ibaki ya kumfukuza jikoni. Na "kaa" tunaitamka kutwa kwa watu, kaa hapa, kaa kimya, mpaka mbwa anaizoea kama kelele za redio.

Neno lisitangulie. Kwanza apatie kwa ishara ya mkono mara 8 kati ya 10, ndipo utamke neno, uhesabu moja, halafu utoe ishara. Ukisema "kaa kaa kaa kaa", unamfundisha kusubiri ile ya nne.

Fundi Firigisi:
Kutoa mkono ndio rahisi kuliko yote, anzeni hapo. Mbwa akae. Funga kipande kwenye ngumi, ishushe usawa wa kifua chake. Atanusa, atalamba, na ukitulia atakwangua kwa mguu. Mguu ukigusa tu: "Safi", fungua. Akibaki kulamba dakika nzima, sogeza ngumi kidogo upande mmoja ili uzito uhamie mguu wa pili, ule mwingine utanyanyuka wenyewe. Baada ya mara kumi, nyoosha kiganja kitupu na ulipe kwa mkono mwingine ulioficha nyuma. Kosa la watu wengi ni kuukamata mguu na kuubana. Mbwa wengi hawapendi, na kesho yake anaukwepa mkono wako.

Kwa nyumba ambazo watu wanachunga najisi, au una wageni wasiopenda kuguswa, geuza mchezo huohuo uwe kupunga. Anaponyanyua mguu, rudisha kiganja nyuma sentimita tano, mguu ukate hewa, lipa hapohapo. Siku ya tatu au ya nne unasimama mbali kabisa naye anapunga.

Kijana wa Getini:
Kuzunguka: chambo puani, chora duara polepole usawa wa pua. Mkono ukipanda, anaruka. Ukienda mbio, anakupoteza. Usingoje duara zima: lipa robo, kisha nusu, kisha zima. Kila upande uupe neno lake.

Kubingirika ndiko kunakokwamisha. Alale kifudifudi, mpaka aegemee nyonga moja. Chambo kitoke puani kwenda begani, taratibu, kisha kivuke uti wa mgongo. Akilala ubavu, lipa, hiyo ni hatua kamili. (Ukiishia hapo na kumwacha ametulia sekunde mbili, tayari una "kufa", huhitaji somo jingine.) Akigoma katikati, tazama sakafu kabla ya kumlaumu. Saruji na vigae vinaumiza mgongo, tandika mkeka au godoro la zamani. Tazama na watu pia: mbwa hageuzi tumbo juu penye vurugu.

Asibingirishwe tumbo likiwa limejaa, hasa wenye kifua kirefu kama German Shepherd, tumbo linaweza kujisokota na hiyo inaua. Wenye mgongo mrefu na miguu mifupi, mchezo huu waruke. Na watoto wa mbwa wa aina kubwa wasifundishwe kuruka juu kabla ya mwaka mmoja na nusu, mifupa bado inakua.

Mwenye Banda:
Na kuleta ndala? Wengi wanaishia na ndala iliyotafunwa.

Mama Popi:
Kwa sababu wanaanza na kutupa. Anza mwishoni, urudi nyuma. Tafuta ndala moja ya zamani isiyovaliwa na mtu, iwe ya mafunzo tu, nje ya somo ifungiwe kabatini.

Ishike mbele ya pua. Akiinusa, lipa. Kesho lipa akiing'ata tu. Kisha sekunde moja mdomoni, mbili, tatu. Hapa ndipo subira inahitajika, siku nne au tano si nyingi. Kiganja kikae chini ya kidevu, sema "Safi", atafungua mdomo kupokea chakula na ndala itaanguka mkononi mwako. Usiivute. Ukivuta, naye anavuta, imekuwa mchezo mwingine.

Akishajua kuachia, iweke sakafuni karibu na mguu wako, kisha hatua moja, kisha mlangoni. Akidondosha njiani, umbali umeuongeza haraka: rudi hatua mbili. Akikimbia nayo, usimfukuze, hilo ndilo analolitaka. Chuchumaa, mgeuzie mgongo, atakuja mwenyewe.

Kijana wa Getini:
Mbwa mlinzi anayekesha usimfundishe saa nane mchana, jua kali na usingizi havifai. Saa 12 jioni, kabla hajafunguliwa, ndio wakati wake. Kama anachukua kipande na kuondoka, mara nyingi ameshiba, au pana mbwa wa jirani kwenye ua. Hamia chumbani.

Fundi Firigisi:
Na chakula hakitolewi milele. Mchezo ukikaa vizuri, chambo kitoke mkononi kwanza, ishara ibaki ileile. Kisha lipa mara ya pili, mara ya tano, mara ya kwanza, bila mpangilio, na ukichagua, lipa ile aliyofanya kwa haraka na kwa usafi. Ukikata ghafla siku moja, wiki ijayo atakuangalia tu.