Tupeane uzoefu: kani na mchapuko vilikuingia lini kichwani?

Mgosi wa Makorora
Wakuu, salaam. Juzi mwanangu wa kidato cha pili kaniletea daftari la fizikia nimsaidie. Nikakuta kanuni ya pili ya Newton, kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ni tungamo (wingi wa kitu, kwa kilo) mara mchapuko (mwendo unavyobadilika kila sekunde), nikacheka peke yangu. Hiyo mimi niliikariri kwa Kiingereza na mtihani nikafanya, ila ilichokuwa inasema sikukijua.

Iliniingia siku maji yamekatika mtaani, nikaenda kuchota mbali kwa baiskeli. Kwenda, baiskeli tupu, pedali mbili tatu ushachanganya. Kurudi nina madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 nyuma, nakanyaga mpaka mishipa ya shingo inatoka na baiskeli inajivuta tu. Miguu ni ile ile! Tungamo limeongezeka, mchapuko umekwisha. Na kusimama ndiyo balaa: breki nimebana, mzigo hautaki kusikia, nikaingia kwenye meza ya mama muuza mihogo. Nililipa mihogo yote.

Haya, na wewe ilikuwaje?

Binti Mkwezi
Baba yangu alikuwa mkwezi, huko Pangani. Mwalimu aliposema vitu vyote vikidondoka vinachapuka sawa, yaani kila sekunde mwendo unaongezeka mita 9.8 kwa sekunde, darasa zima tulibisha. Nazi kavu na kidaka, kile kinazi kichanga, sawa vipi? Hakubishana nasi. Akaniambia, "Kamuulize baba yako."

Jumamosi baba akapanda, mkono huu nazi, mkono huu kidaka, mimi nimesimama mbali kabisa. Akaachia. Puu! Mlio mmoja. Nikamwomba arudie, akarudia mara tatu huku ananisema kwamba namchelewesha. Jumatatu mwalimu akatufafanulia: nazi inavutwa kwa kani kubwa zaidi, lakini na yenyewe ni ngumu zaidi kuchapuka, kwa kiasi kile kile. Unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya mwezini kusiko na hewa, vikatua pamoja.

Kilichonitisha ni hesabu iliyofuata. Mnazi wa mita 10, nazi inafika chini kwa sekunde 1.4 hivi, ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Ni bodaboda hiyo inakuja kichwani. Tangu hapo sikai chini ya mnazi, hata iwe harusini.

Chaza
Yangu fupi. Sahare, mtumbwi haujafungwa, nikaruka kwenda nchi kavu. Mimi mbele, mtumbwi ukarudi nyuma, nikaishia majini na simu mfukoni. Kanuni ya tatu ya Newton, ukisukuma kitu nacho kinakusukuma vile vile upande wa pili, sitaisahau.

Mwalimu wa Muheza
Mgosi, pole na mihogo. Mimi nafundisha somo hili. Kosa ninalosahihisha kila mwaka ni mtoto kuandika mchapuko akimaanisha spidi. Bodaboda inayokwenda kilomita 60 kwa saa bila kuongeza wala kupunguza, barabara imenyooka, haina mchapuko hata chembe.

Kile kifaa cha kugonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi sisi hatuna. Ninachofanya, natoboa chupa ya maji kwa sindano, naifunga nyuma ya guta, wanafunzi wanalisukuma kwenye lami kavu wakiongeza kasi. Matone ya mwanzo yamebanana, yanayofuata yanazidi kuachana. Wanapiga magoti na rula kabla jua halijayakausha, wanapima tone hadi tone. Halafu nawapandisha wenzao wawili juu ya guta, tunarudia kwa msukumo ule ule: safari hii matone yanaachana kidogo kidogo. Hapo simwambii mtu kanuni, wananiambia wenyewe.

Kibiriti
Mwalimu, mimi nilichapwa kwa kuandika uzito wa mchele ni kilo 5. Kumbe kilo ni tungamo, uzito ni kani na kani inapimwa kwa nyutoni. Nikaenda sokoni kuomba nyutoni 50 za mchele, muuzaji akaniuliza kama nimekula.

Mgosi wa Makorora
😂😂 Mwalimu, hiyo ya chupa naifanya kesho na kijana wangu. Binti Mkwezi, mzee bado anakwea?

Binti Mkwezi
Kaacha, magoti. Anakwea kaka yangu sasa, na fizikia alipata F.