Asubuhi nasali vizuri, nikifika kazini Mungu simkumbuki hata mara moja. Naombeni ushauri

mama_wa_kaunta: Habari wakuu. Nakaa kaunta ya malipo, duka la vifaa vya ujenzi. Nyumbani nasoma zaburi na kusali bila shida, ila nikishafungua duka hadi jioni ni kama Mungu hayupo. Nimeweka alamu ya simu kila robo saa, ikilia niseme "Bwana, upo hapa". Siku hizi naizima bila hata kuiangalia. Ile "ombeni bila kukoma" ya 1 Wathesalonike 5:17 mnaitendaje? Nawasilisha.

Kengele_ya_Mchana: Dada, kila robo saa ni mara 4 kwa saa, lazima sikio lizoee. Weka 3 tu kwa siku, kama ile sala ya Wakatoliki ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Ni dakika chache tu. Kipindi cha Pasaka unasali Malkia wa Mbingu badala yake, tena ukiwa umesimama. Katikati ya hapo achana na simu, funga sala kwenye kitu ambacho mkono unafanya tayari: ukivuta droo ya pesa, sema neno. Liwe fupi. Yohane Kasiano, mtawa wa kale, aliandika kwamba watawa wa jangwani Misri walishika mstari mmoja tu, Zaburi 70:1, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima", wakautumia kwa kila hali, njaa mpaka usingizi.

Fundo100: Waorthodoksi tuna Sala ya Yesu. Ukivuta pumzi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu". Ukitoa: "unihurumie mimi mwenye dhambi". Anza kwa kutamka, ukimya utakuja baadaye. Usilazimishe pumzi, utapata kizunguzungu bure. Wengi huharibikiwa kwa kuwinda msisimko kifuani. Wasipousikia wanaona sala imeshindikana, wanaacha.

Mzee_Baraza: Tupeni simu hizo! Vijana mnataka Mungu awapigie alamu.

Jikoni_Paris: Msomeni Ndugu Laurent, Mkarmeli wa Paris aliyefariki 1691. Alikuwa mpishi wa monasteri, baadaye akashona ndara za watawa. Alisali kwa ufupi kabla ya kazi, katikati na mwisho. Akigundua amesahau, anakiri hapo hapo na kuendelea, hakai kujilaumu. Na bado miaka kama 10 ya mwanzo ilimtesa. Kwa hiyo dada, pole pole.

Mhakiki_wa_Jioni: Mleta uzi, alamu unaizima saa zote au kuna wakati maalumu? Fanya uchunguzi wa siku alioufundisha Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, jioni, robo saa inatosha. Shukuru, omba mwanga, pitia siku saa kwa saa, omba msamaha, panga kesho. Hatua ya kwanza usiiruke, la sivyo zinazofuata zinageuka kesi mahakamani. Ukifika ya tatu tafuta mahali ulipogeuza uso.

mama_wa_kaunta: Saa zote tu.

Mhakiki_wa_Jioni: Hata ukiwa unahesabu misumari?

mama_wa_kaunta: Haya. Mara nyingi ni mteja akiuliza bei ya bila risiti. Bosi kaagiza risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, tukate kwa anayedai, tena wengine tuwaandikie pungufu. Anayebonyeza mashine ni mimi. Lakini duka si langu, na mtaa mzima unafanya hivyo. Nimeshaamua nabaki mpaka ada ya Januari ilipwe. Na huyo Ignasi si ndiye aliyesema ukiwa kwenye ukavu wa roho, Mungu unamwona yuko mbali, usibadili uamuzi? Turudi kwenye sala jamani.

Mzee_Baraza: Zakayo aliahidi kurudisha mara 4! Luka 19:8!

Mhakiki_wa_Jioni: Hapo ndipo ilipo sala yenyewe. Kanuni hiyo inalinda uamuzi uliofanyika kabla ya ukavu, ukiwa na amani mbele za Mungu. Wako umeufanya ndani ya ukavu. Sikwambii uache kazi kesho. Hatua ya tano iwe ndogo: mteja wa kwanza asubuhi mkatie risiti kamili bila kusubiri adai, usiku uangalie hapo palikuwaje. Halafu tafuta padri au mchungaji wako umweleze yote, na EFD pia, kabla hujazungumza na bosi.

Chai_Rangi: Hii chai, na tangawizi imezidi. Kaunta ya saruji na mabati, foleni mpaka nje, alamu inalia kila robo saa na bosi yupo kimya? Huyu ni mchungaji anatafuta mfano wa mahubiri ya Jumapili.

mama_wa_kaunta: Mimi si mchungaji. Bosi hasikii, simu iko kwenye mtetemo.

Chai_Rangi: Juu umeandika "ikilia".

Kengele_ya_Mchana: Hata akiwa askofu, alamu 3 zinatosha.

Jikoni_Paris: Wakati mnagombana, Fundo100, ile kamba yenu ya sala ina mafundo mangapi?

Fundo100: Ya kawaida 100, ziko za 50, na za kuvaa mkononi 33. Nyingi ni za sufu nyeusi. Ila mtu wa kaunta aiweke mfukoni wakati anahesabu hela za watu, atapoteza hesabu zote mbili.